Fungu la Ndege

Mama alikuwa akichimbua maharage kwa kidole, moja moja, kama mtu anayetoa funza mguuni. Yalikuwa yamevimba na kuoza, na ukiyabonyeza yanatoa maji meupe yenye harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri tangu tupande. Magugu yameota. Hata mbegu za maboga zilizodondoka tu kutoka kwenye takataka za jikoni zimeota. Lakini maharage, katika shamba zima, yalitoa miche michache iliyosimama mbalimbali, kama wageni waliofika kwenye harusi iliyoahirishwa.

"Labda tusubiri kidogo," nilisema.

"Tusubiri nini, Clotilda? Haya yamekufa. Yalikuwa yamekufa hata kabla sijayafukia."

Alijifuta kidole kwenye kitenge, akakaa chini palepale kwenye udongo mbichi. Sijawahi kumwona mama akikaa shambani kabla kazi haijaisha.

Inabidi nieleze ilikuwaje mpaka mama yangu, Domisiana, mwanamke wa kijiji cha Kirushya tangu kuzaliwa, akanunua mbegu. Kwetu mwanamke hanunui mbegu za maharage. Anazitunza. Anachagua zilizo bora kwenye mavuno, anazichanganya na majivu, anazitia kwenye kibuyu na kukining'iniza juu ya moshi wa jiko. Kibuyu cha mama kilikuwa na maharage ya rangi zote, mekundu, meusi, ya njano, yenye mabaka, mchanganyiko aliopewa na bibi alipoolewa. Anayeonekana sokoni akinunua mbegu, watu wanajua nyumba yake imemshinda.

Kisha ukaja mwaka ule wa tisini na nne, watu wakavuka mpaka kwa maelfu wakikimbia mauaji. Kabla hawajapelekwa kambini wengine walilala migombani kwetu, wazee na watoto, kwenye mvua. Mama alipika kilichokuwemo ndani. Kilipokwisha alitazama juu ya jiko. Nakumbuka alivyokishusha kile kibuyu, akapangusa majivu kwenye maharage kwa viganja vyake, taratibu, na kuyamimina chunguni bila kuniangalia. Yaliyokuwa bado shambani yalichumwa mabichi na watu wenye njaa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Wamekula. Afadhali yameliwa." Lakini mvua za vuli zilipokaribia hatukuwa na punje ya kupanda, na majirani zetu wengi nao walikuwa hivyohivyo, ingawa hakuna aliyesema.

Ndipo tukaenda Bugarama, kwa Kazimili.

Kazimili ni mtu wa kwetu, anayeuza nafaka kwenye chumba cha matofali ya kuchoma kando ya soko. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIREJESHWI. Siku ile kulikuwa na watu wengi wakinunua mahindi na unga, na mbele kabisa lilikuwepo gunia la maharage lililofunuliwa mdomo.

"Karibu, mama Clotilda! Leo umekuja na msomi wetu. Msomi, bado hujapata kazi huko kwa wazungu wa kambini? Wenzako wote wanapanda magari meupe."

Nilitabasamu nikatazama chini. Nilikuwa nimemaliza chuo cha biashara, na kweli niliitwa kwenye usaili mmoja wa kazi za kambini. Niliulizwa jina langu mara mbili kwa sababu halikusikika, na baada ya hapo hawakuniita tena.

Mama aliuliza, "Kazimili, maharage yako yakoje?"

"Mazuri. Yanafaa nyumba yako."

Mama akafunua kitenge kilichofunika kapu lake. Lilikuwa kapu la mfuniko, lililotandikwa jani kavu la mgomba ndani. Kazimili akaliangalia. Akawaangalia watu waliokuwa mbele. Kisha, bila kusema neno, akatupungia mkono twende nyuma ya pazia, mbali na lile gunia la mlangoni, akafungua jingine. Maharage yake yalikuwa ya rangi zote, mekundu, meusi, ya njano, kama yale ya bibi. Nilimwona mama akivuta pumzi.

Alipima debe. Mama alishika kapu upande mmoja na mimi upande wa pili, kwa sababu mbegu haiwekwi chini ikiwa inamiminwa. Kazimili naye aliinama akamimina polepole kwa mikono miwili. Debe lilipokwisha, akachota kwa mkono wake kiasi kisichopimwa, akaongeza juu. Hilo kwetu linaitwa fungu la ndege, kwa ajili ya ndege watakaofukua baadhi kabla hayajaota. Mama akafunika kapu. Tukaondoka. Muda wote ule neno "mbegu" halikutamkwa, na hakuna kati yetu watatu aliyeona kuwa limekosekana.

Sasa mama amekaa kwenye udongo na maharage yameoza mkononi mwake.

"Twende tukamwambie," nilisema.

"Tumwambie nini? Ameandika mlangoni kwake haviresheshwi... havi... vile alivyoandika."

"Kile kibao si sheria, mama. Chuoni tulifundishwa. Mtu akikuuzia kitu, na anajua unakwenda kukifanyia nini, na wewe umemtegemea yeye kama mjuzi wa bidhaa zake, basi kitu hicho ni lazima kifae kwa kazi hiyo. Hilo ni sharti lililomo ndani ya mauziano. Hata kama hakuna aliyelitamka."

Mama aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hata kama hamkusemezana?"

"Sheria inasema kwa maneno, au kwa namna nyingine yoyote inayoeleweka."

"Basi aliyeiandika alikuwa mtu wa kwetu," alisema, akainuka.

Kwa Kazimili hatukuketishwa. Nilimsalimu, "Shikamoo, baba," akaitikia "Marahaba" huku akifunga gunia. Mama alifungua kitenge akamwonyesha yaliyooza. Kazimili aliyatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha uso wake ukafungika kama dirisha.

"Ulitaka maharage, nikakupa maharage. Uliyapika yakagoma kuiva?"

"Sikuyapika."

"Sasa! Nenda kayapike kwanza ndipo uje unilaumu." Vijana wa kubeba mizigo wakacheka. "Kuna mtu alinisikia nikisema nauza mbegu? Mama Clotilda, wewe uliniambia unataka mbegu?"

Mama alikunja kitenge juu ya yale maharage. Mimi nilikuwa na sentensi nzima kichwani, imepangwa vizuri kama nilivyoiandika kwenye mtihani. Nilisema, "Lakini, baba..." na Kazimili akasema, "Lakini nini, mwanangu?" na sentensi ikarudi ilikotoka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Njiani kurudi mama hakunisema hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Nilijua hatukuwa peke yetu tuliouziwa. Ukiyatazama mashamba ya watu kutoka barabarani, ungeona matuta yamechimbwa vizuri na hayana kitu. Nikaanza kwa Verediana, jirani yetu, aliyekuwa amesimama mbele ya shamba tupu, jembe begani.

"Shikamoo, mama. Maharage yenu yameota?"

"Ya kwetu? Hatujapanda bado. Tumechelewa mwaka huu."

Matuta yake yalikuwa na vishimo vya jembe vimejipanga mstari kwa mstari, na vimefukiwa.

"Mama, kama nanyi mlinunua kwa Kazimili, tukienda mahakamani pamoja..."

"Kununua?" Aliangalia kulia na kushoto. "Nani anunue mbegu? Clotilda, mwanangu, usinitafutie maneno. Mama yako mzima?"

Nyumba nilizopita zote zilijibu hivyo. Mmoja alisema panya. Mwingine alisema kuku wa jirani. Mwingine alisema ardhi yake mwaka huu anaipumzisha, na mumewe akiwa nyuma yake akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Siwezi kuwachukia watu wanaoona aibu. Mimi ndiye wa kwanza kuijua aibu.

"Watu wote wamenunua, mama, na hakuna aliyenunua!"

"Unataka wafanye nini?"

"Waseme!"

"Mbona wewe hukusema?" aliuliza mama, si kwa ukali, huku akimenya ndizi. Kisha akaongeza, "Tutaenda wenyewe. Mvua bado ipo. Akitupa mbegu za kweli kabla mwezi huu haujaisha, tunapanda upya."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Mbegu inayoota, ardhini, kabla mvua haijapita.

Nilifungua madai kwenye mahakama ya mwanzo. Karani aliandika jina langu "Krotilda" na sikupata ujasiri wa kumsahihisha. Mahakama ya mwanzo haina mawakili, lakini mtu anaweza kuomba ndugu yake amsemee, na mama aliomba nimsemee mimi.

Siku ya kwanza hakimu alikuwa safarini. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likaegemea upande wa pili, karani akatoka akasema turudi wiki inayofuata. Mvua ilinyesha njia nzima, mvua nzuri, ya kupandia. Mama alitembea ndani yake akiwa ameinua uso, na kila tulipopita shamba tupu aliguna.

Siku ya pili hakimu alikuwepo, lakini Kazimili alileta habari kwamba anaumwa. Nikiwa benchi nilimwona kijana wake wa dukani akipita na baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi. "Pole na ugonjwa wa baba," nilimwambia. Akajibu, "Anaendelea vizuri, dada, ametoka kwenda mnadani." Kisha akagundua alichosema, akakanyaga baiskeli kwa nguvu zote.

Nilimweleza karani. Karani alisema hayo nimweleze hakimu. Hakimu alikuwa ameshaondoka.

Mara ya tatu ndipo tulisikilizwa. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili kizuri kiasi kwamba watu walipunguza sauti wakiongea naye. Pembeni yake walikaa washauri wawili wa mahakama: mzee Alfonce, mkulima wa migomba, na mama Agripina, mjane aliyekuwa zamani kiongozi wa akina mama wa parokia. Benchi za nyuma zilijaa. Nilimwona Verediana. Nikawaona pia wale wa panya, wa kuku na wa ardhi inayopumzika.

Hakimu alimgeukia mama. "Mama, ulipokwenda dukani kwa mdaiwa, ulimwambia kwamba unataka mbegu za kupanda?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Yeye alikwambia kwamba anakuuzia mbegu?"

"Hapana."

"Nani alitaja mbegu?"

"Hakuna."

Hakimu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Aliongea kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Sasa, mama yangu, mahakama itajuaje? Dukani kuna maharage ya kula. Mtu akija asiseme, muuzaji atajua vipi?"

"Anajua," alisema mama.

"Anajuaje?"

Mama alifungua kinywa, akatazama benchi za nyuma, akakifunga. Angelazimika kusema mbele ya watu wote kwamba kibuyu chake kilikuwa kitupu. Mama yangu, aliyewapikia watu asiowajua mbegu za mama yake, anasimama pale kama aliyeiba.

"Nilikuwa sina mbegu," alisema hatimaye. "Nilizipika. Watu walikuwa na njaa. Nikanunua."

Kwenye benchi za nyuma wanawake waliangalia miguu yao.

Kazimili alipopewa nafasi alisema vizuri sana. Alisema yeye ni mfanyabiashara, ananunua na kuuza, kibao kipo mlangoni na kila mtu anakiona. Alisema anamheshimu mama Clotilda kama dada yake. Alisema asiyesema anachokitaka asilaumu alichopewa.

"Binti una swali kwa mdaiwa?" aliuliza hakimu.

Nilisimama. Ile sentensi yangu ya mtihani sikuiona popote. Niliona tu mikono ya Kazimili imeshika kofia yake.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Watu wakacheka. Kazimili naye alicheka. "Marahaba, mwanangu."

"Paza sauti," alisema karani.

"Baba, ulipokuwa unammiminia mama, kapu lilikuwa wapi?"

"Mmelishika nyie."

"Kwa nini hatukuliweka chini?"

"Mlipenda wenyewe kulishika."

"Ulipomaliza debe, uliongeza."

"Niliongeza. Kila mteja namwongezea. Ndiyo biashara."

"Uliongeza kwa kopo?"

"Kwa mkono."

"Wanaonunua ya kupika unawaongezea kwa kitu gani?"

"Kwa kopo," alisema, kisha akaona alikofika.

"Na ile ya mkono, baba, inaitwaje?"

Kazimili aliizungusha kofia. Nyuma alisikika mtu akijizuia kukohoa. Hakimu alimtazama Kazimili, akanitazama mimi, akawatazama washauri wake. "Inaitwaje?" aliuliza yeye mwenyewe.

"Ni nyongeza tu, mheshimiwa."

Mama Agripina alishindwa kujizuia. "Kazimili! Nyongeza gani? Sema fungu la ndege! Au kwako ndege wanadonoa chunguni?"

Mahakama nzima ilivunjika kwa kicheko. Mzee Alfonce alicheka mpaka akatoa leso. Hakimu aligonga meza akamwonya mama Agripina kwamba mshauri haruhusiwi kumkejeli mdaiwa, na yeye akasema, "Samahani, mheshimiwa," akiwa bado anatikisika mabega. Ikabidi mzee Alfonce amweleze hakimu, taratibu, habari ya kapu lenye mfuniko, jani la mgomba na ndege. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Kisha akauliza, "Lakini kuna ushahidi wowote kwamba mdaiwa alijua maharage hayo ni mabovu? Maana kama hakujua, amekosa nini?"

"Hata mimi nilinunua, mheshimiwa!" Kazimili alipaza sauti. "Yaliletwa na lori! Mimi naingia ndani ya haragwe?"

"Mheshimiwa," nilisema, na safari hii niliisikia sauti yangu mwenyewe, "sheria haiulizi kama alijua ni mabovu. Inauliza kama alijua tunakwenda kuyapanda. Akijua hilo, hasara ya ubovu ni ya kwake, hata kama naye alidanganywa. Sisi hatuwezi kumjua mtu wa lori. Tunamjua yeye."

Washauri wote wawili walisema mama ana haki. Hakimu naye akakubaliana nao. Iliamriwa Kazimili atoe maharage ya mbegu yanayofaa kupandwa, kipimo kilekile, kabla mwezi haujaisha.

Nje, mama alinishika mkono akaubana, akauachia haraka kama vile umemchoma. Nilikuwa na furaha isiyonitosha mwilini. Verediana alitufuata mpaka kwenye kona ya jengo, akaongea bila kugeuza shingo. "Mtakapopewa mbegu, mtatukumbuka?"

"Si hujapanda bado, mama?" nilimuuliza.

"Usiwe hivyo, Clotilda," alisema, na nikajuta.

Nilidhani kazi imekwisha. Siku zilipita, Kazimili hakuleta kitu. Nilikwenda kwa karani, akaniambia amri ipo, nimsubiri mdaiwa atekeleze. Nikauliza asipotekeleza? Nije kuomba mali yake ikamatwe. Mali itakayokamatwa itanipa mbegu? Hapana, itauzwa kwa mnada. Mnada lini? Baada ya tangazo. Mvua itakuwa imekwisha. Karani alinyanyua mabega. "Dada, umeshinda kesi. Unataka nini tena?"

Mvua zilianza kupungua. Zilinyesha asubuhi moja, zikaruka siku kadhaa, zikarudi kidogo jioni. Mama alikuwa akitoka uani kila alfajiri kutazama mawingu na kurudi ndani bila kusema. Hatimaye nilimwambia, "Twende nyumbani kwake. Si dukani. Nyumbani."

Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilirudia maneno kwa sauti na mama akinisikiliza: amri ya mahakama, kukaidi, kukamatiwa mali. Niliyasema vizuri. Tulipokunja kona ya mwisho nilikuwa bado nayasema, na ndipo mama alipoweka mkono wake kifuani kwangu kunisimamisha.

Shamba la Kazimili lilikuwa kubwa, linashuka kutoka nyumbani hadi karibu na bonde. Lilikuwa limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na vishimo vimefukiwa mstari kwa mstari. Hapa mche mmoja, kule mche mmoja. Mke wake, Esperansia, alikuwa katikati ameinama, akifukua kwa kidole.

Kazimili alitoka ndani, akaona tunakoangalia. Hakuwa na sauti yake ya dukani. "Mmeona," alisema. "Karibuni."

"Ulipanda gunia lilelile?" aliuliza mama.

"Lilelile. Ya kwetu yaliibwa shambani, yote. Lori lilikuja, mtu anauza maharage ya rangi zote, nikasema Mungu amenikumbuka. Nilichukua kwanza ya kwangu ndipo nikauza." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nimekwenda mpaka Nyantakara kutafuta mbegu ya kuwalipa. Biharamulo nako hakuna. Waliyonayo wameyafungia. Amri ninayo mfukoni, mwanangu, sijaikataa. Nionyesheni tu inaponunuliwa."

"Kwa nini hukusema haya mahakamani?" niliuliza. Sauti yangu ilipanda, na safari hii hakuna aliyehitaji kuniambia nipaze. "Tumepoteza mvua yote! Ungesema siku ya kwanza, tungetafuta pamoja. Ulituambia tukayapike!"

"Niseme mbele ya vijana wangu kwamba na mimi ni wa kununua mbegu? Na mimi ndiye muuzaji?" Akanitazama kama mtu anayeomba kitu. "Hiyo sheria yako, Clotilda. Inanihusu na mimi? Yule wa lori, naweza kumdai?"

Nilitaka kumchukia, lakini nilichokisikia ni mtu anayeuliza swali, nami nina jibu lake.

"Inakuhusu. Ila ni mtu wa wapi?"

"Simjui. Alisema anatoka njia ya kambini."

"Alikuwa mtu wa huku? Anajua desturi zetu?"

"Kiswahili chake kilikuwa cha mbali."

"Ulimwambia kwamba ni ya kupanda?"

Kazimili aliangalia shamba lake. Sheria yangu iliishia pale, kwenye barabara ya vumbi, kwenye lori lisilo na jina. Nilipiga mguu chini kama mtoto. Nilimkasirikia mtu wa lori, Kazimili, karani, Verediana na wale wa panya, na hakimu mpole aliyesafiri wiki ya mvua nzuri. Nilijikasirikia na mimi, niliyemeza "lakini" yangu dukani.

Mama alikuwa ameshaondoka pale tuliposimama. Alikuwa amemfuata Esperansia bondeni, ambako maji hayakauki, na kulikuwa na viazi vitamu vimetambaa kijani kibichi. Niliwaona wameinama pamoja, hawaongei sana. Nilipowafikia, Esperansia alikuwa anakata marando, yale mashina ya kupandia, kwa kisu na mama anayapanga mkononi.

"Mama, amri inasema maharage," nilisema. "Ukipokea hivi, Kazimili atasema ameshalipa."

"Na atakuwa amelipa," alisema Esperansia kwa aibu, bila kuinua uso. "Kama mama Clotilda atakubali. Kama hatakubali, tutaendelea kutafuta."

"Kwani marando yataota?" aliniuliza mama.

"Yataota."

"Kwa mvua iliyobaki?"

"Viazi vinavumilia."

"Basi. Nenda kamwambie Kazimili aende kwa karani akaseme nimelipwa, madai yangu yafutwe."

"Lakini mama, tumeshinda! Tukipokea viazi, wote watasema hakukuwa na kesi. Atauza tena. Na Verediana..."

"Verediana atakuja kuchukua marando jioni, na atasema ni ya kulishia mbuzi." Alinibebesha mzigo mikononi, mzito, unaovuja maji na maziwa yale meupe yanayonata. "Tembea, Clotilda. Matuta yanataka kufumuliwa yote upya, na wewe ndiye utakayeanza upande wa chini."

Nilitembea. Kwapa zangu zililowa, utomvu ukaniganda vidoleni, na kila hatua nilikuwa nanung'unika. Tulipofika shambani manyunyu yalianza, membamba, yasiyo na ahadi. Nilishika jembe nikaanza kuvunja yale matuta mazuri tuliyoyatengeneza mwezi wa tisa. Nilipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Maharage yaliyooza yalitoka na udongo, na mama, nyuma yangu, alikuwa anayafunika tena kwa mguu na kuchomeka rando juu yake.